Wanataka ekari tatu za marehemu baba ziachiwe kijito. Nitie saini?

*Bibi Shamba, shikamoo.*

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi tarafa ya Amani, wilaya ya Muheza. Baba yetu alifariki mwaka juzi akatuachia shamba la ekari tano. Kwa chini shamba linapakana na kijito kinachoteremka kwenda kuingia Mto Zigi. Nilipima kwa kamba nikapata kama mita 120 za kupakana. Huko chini, kwenye unyevu na kivuli cha miti mikubwa, ndiko baba alikopanda iliki tangu mimi sijaolewa. Katikati kuna mikarafuu na pilipili manga. Juu nalima mahindi, maharage na mihogo, na kuna migomba.

Mwezi uliopita mwenyekiti alituita mkutanoni, wakaja maofisa na kutueleza mpango wa serikali wa kutunza vyanzo vya maji. Wenye mashamba kando ya vijito wajiandikishe. Sehemu itakayotengwa haitalimwa wala kufyekwa, itapandwa miti ya asili, nasi tutapewa miche, mizinga ya nyuki na mafunzo. Kwa shamba letu wametaja ekari tatu. Niliuliza kama kuna malipo ya kila mwaka, nikajibiwa, "Faida zitakuja, mama, kwanza jiandikisheni." Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja. Ina nafasi ya jina, ukubwa wa eneo na saini. Hakuna palipoandikwa ni miaka mingapi. Mwisho wa kurudisha ni mwisho wa mwezi ujao.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu mkubwa, dereva Dar es Salaam, ananiambia kwa simu nisaini upesi kwa sababu iliki haileti tena kitu, na ameona kwenye mtandao kwamba Marekani serikali inamlipa mkulima apumzishe shamba lake. Baba mdogo hataki hata kulisikia hilo jambo. Anasema, "Waulize wa Derema." Mdogo wangu wa kike anaishi Tanga mjini, yeye anasema mvua zikinyesha maji ya bomba yanakuja na rangi ya chai, kwa hiyo tuache ubinafsi. Mama hasemi chochote, ila ndiye anayechuma ile iliki, na hela yake ya chumvi na sabuni inatoka humo.

Ukweli mwingine ni kwamba kijito chenyewe kimepungua. Nilipokuwa mtoto hakikuwa kikikauka hata kiangazi kikali, siku hizi kuna miezi unavuka bila kulowa miguu. Moyo wangu unataka kirudi. Lakini nikitoa ekari tatu katika tano, wanangu nitawalisha nini, na watakuja kurithi nini?

Nitie saini?

*Binti wa Amani, Muheza*

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba wa mzee.

Fomu hiyo usiitie saini kama ilivyo. Wala mpango wenyewe usiukatae. Ukanda wa kijito uukubali, na ile ardhi wanayoiomba zaidi ya hapo isiondoke mkononi mwenu mpaka masharti yake yaandikwe yakasomeka.

Kwanza nikupe jambo ambalo pengine halikusemwa mkutanoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Najua mabondeni kwetu watu wamelima mpaka kwenye maji tangu enzi za mababu, na wengi hawajaguswa hadi leo. Lakini kuachwa tu si haki ya kuendelea. Siku yoyote mtu akiamua kuisimamia sheria, hutakuwa na cha kujitetea.

Sasa chukua mita zako 120 uzizidishe kwa 60. Unapata mita za mraba 7,200, na ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ukanda ambao sheria imekwisha kuubana ni ekari moja na robo tatu na ushee. Wao wametaja tatu. Iliyobaki, kama ekari moja na robo, ndiyo unayoombwa kweli, nayo ndiyo yenye mikarafuu na pilipili manga. Maswali yako yote ya msingi yanahusu kipande hicho. Kabla ya jambo lingine lolote mwombe ofisa aje na tepu, mpime pamoja kuanzia ukingoni, mpigilie vigingi, na majirani wa pande zote wawepo. "Ekari tatu" iliyokadiriwa kwa macho kutoka barabarani isiingie kwenye karatasi yoyote yenye jina lenu.

Kuhusu iliki, kaka yako hajakosea kwamba imechoka. Iliki inataka kivuli na udongo wenye majani yaliyooza. Tukiipanda msituni tunafyeka miti midogo yote ya chini na kupunguza mikubwa, kwa hiyo hakuna mche unaokua kuja kurithi mti unaokufa, na udongo unazidi kuwa wazi. Miaka ya mwanzo inazaa vizuri, halafu inashuka. Kote Usambara Mashariki imekuwa hivyo, na iliki ikishachoka watu hukata kivuli kilichobaki wakaweka migomba au miwa, au wakahamia kipande kingine cha msitu. Kijito chako kinakauka kiangazi kwa sababu za namna hiyo: mvua ikipiga mteremko ulio wazi, maji yanakimbia juu ya ardhi na kuondoka na udongo. Hayazami chini yakaja kutoka polepole miezi ya jua. Kuurudishia ukanda ule miti ya asili kuna maana. Ningekushauri ufanye hivyo hata kama mpango wa serikali usingekuja.

Ila mama yenu asisahauliwe. Ombeni iandikwe kwamba mashina ya iliki yaliyopo yataendelea kuchumwa mpaka yazeeke yenyewe, bila kupandwa mapya na bila kufyeka. Mkono wa mwanamke anayepita na kikapu chini ya miti hauchafui maji. Ofisa akikwambia haiwezekani kabisa, mwambie akuoneshe palipoandikwa.

Mdogo wako wa mjini naye anasema kweli. Maji ya Zigi yanakwenda bwawa la Mabayani, na ndiko Jiji la Tanga linakochota. Udongo unaoondoka kwenu ndio unaokwenda kusafishwa kule kwa dawa na kwa gharama, na unazidi kulijaza bwawa. Lakini hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo yeye hakulitaja: maji hayo yana thamani ya fedha, na anayeyatunza huku juu ana haki ya kuuliza habari ya fedha hizo bila kuitwa mbinafsi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua na kuboresha huduma yake. Watu wamewekeza mabilioni kwa kuamini kwamba Zigi itaendelea kutiririka. Wakulima wa huko kwenu wamekwisha kuliona hilo, ndiyo maana upo umoja wa UWAMAKIZI, wa wakulima wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi. Kama hujajiunga, nenda ukawasikilize kabla ya mwisho wa mwezi. Mkulima mmoja mwenye fomu mkononi ni rahisi kuambiwa "faida zitakuja", lakini umoja ukiuliza unajibiwa. Na kulipana kati ya wa chini na wa juu si ndoto. Milima ya Uluguru, Kibungo Juu, wakulima waliwahi kulipwa fedha taslimu kwa kutengeneza matuta na kupanda miti ili maji ya Mto Ruvu yafike Dar es Salaam yakiwa safi.

Hapo sasa tumwendee kaka na Marekani yake. Alichokiona kipo. Kinaitwa Conservation Reserve Program, kilianzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985. Mkulima anaingia mkataba wa miaka 10 hadi 15, anaacha kulima kipande kinachomomonyoka au kilicho kando ya maji, anapanda nyasi au miti, na serikali inamlipa kila mwaka kwa ekari, kama kodi ya pango, na kumchangia gharama za kupanda. Ardhi inabaki yake. Akivunja mkataba katikati, anarudisha alicholipwa pamoja na riba. Mpango uliokuja kijijini kwenu si huo. Nyie mmeahidiwa miche, mizinga na mafunzo, basi. Kaka yako asiuze mikarafuu ya baba kwa bei ya nchi nyingine. Lakini kuna kitu cha kujifunza huko, na si dola. Mkulima yule kabla ya kusaini anajua ni miaka mingapi, atapata nini kila mwaka, atafanya nini na asifanye nini, na akijitoa itamgharimu kiasi gani. Fomu yako ya ukurasa mmoja haina hata kimoja kati ya hivyo.

Baba mdogo msimwite mkaidi. Derema iko tarafa hiyohiyo, na watu wa umri wake waliyaona kwa macho. Ule ulikuwa ushoroba wa msitu unaounganisha misitu ya Amani na mingine, wenye mashamba ya iliki ndani yake. Serikali ilipoufanya hifadhi, wakulima waliondolewa. Fidia ilihesabiwa kwa mazao yaliyokuwamo, na ardhi mbadala ya kulima haikufika siku moja na fedha. Mzee aliyeyaona hayo akisikia neno "kujiandikisha" lazima ashituke.

Kwa hiyo muulizeni ofisa swali moja, na ajibu kwa maandishi: baada ya saini, eneo hili litakuwa chini ya nani? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua njia zaidi ya moja. Upo msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, unaosimamiwa na kijiji kwa sheria ndogo na kamati yake. Upo msitu wa jumuiya, wa kikundi kilichojiunga. Na upo msitu binafsi, ambao mtu au familia inaumiliki kwenye ardhi yake yenyewe ya hakimiliki ya kimila. Ukiingia wa kijiji, uamuzi wa nani avune nini na lini unahamia kwenye kamati, na kamati hubadilika kila uchaguzi. Mimi kwa ekari tatu za urithi ningeshika hiyo ya mwisho: ardhi iendelee kuwa ya familia, na makubaliano yahusu namna ya kuitunza tu. Na kama jibu litakuwa kwamba eneo litatoka kwenye ardhi ya kijiji na kuwa hifadhi ya taifa, hapo fomu ya kujiandikisha haitoshi kamwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka aina ya fidia, kiasi chake, na namna na wakati wa kuilipa vikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa.

Sasa jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko yote, na katika barua yako halimo. Hujasema kama mirathi ilifunguliwa. Kama haikufunguliwa, wewe peke yako huna mamlaka ya kutia saini, wala kaka kwa simu, wala baba mdogo kwa hasira. Itisheni kikao cha ukoo, mteue msimamizi wa mirathi, muandike muhtasari, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo akathibitishwe. Mama awe kikaoni, na fungu lake litajwe kwa kinywa na kwa kalamu. Sheria hiyohiyo ya Ardhi ya Vijiji inasema haki ya mwanamke kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Nakuandikia hili kwa sababu nimeona mara nyingi shamba linapoanza kuzungumzwa na maofisa, ghafla mabinti na wajane wanakuwa wageni. Mkishagawana au mkikubaliana kulishika pamoja, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yenu. Ukiwa na hati unaingia mkataba kama mwenye mali. Bila hati, fomu ya mpango inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee inayolitaja shamba hilo, na imeandikwa na wao.

Kuna kipengele kingine cha sheria hiyo ambacho mnaopumzisha mashamba mkijue. Ardhi ya kijiji isiyotumiwa kwa miaka isiyopungua mitano inaweza kuhesabiwa imetelekezwa. Kupumzisha shamba ni matumizi halali, lakini kuthibitisha hilo ni rahisi zaidi likiwa limeandikwa. Makubaliano yaseme wazi kwamba eneo limeachwa kwa makusudi kwa ajili ya uhifadhi, na kwamba wenyewe hawajalitelekeza.

Katika hiyo ekari moja na robo ya juu ya ukanda, msimamo wangu ni huu. Mikarafuu ibaki na ivunwe. Ni miti ya kudumu, mizizi yake inashika udongo, na hakuna sababu ya maji inayotaka ikatwe au ikatazwe kuchumwa. Pilipili manga inapanda juu ya miti, haina ugomvi na mtu. Mnachoweza kukiachia kwa haki ni jembe: hapo katikati pasilimwe tena mazao ya msimu, yawekwe makinga maji na majani ya Guatemala kwenye kingo zake, ambayo utayakata ukampa ng'ombe. Muda uwe mfupi kwanza, miaka mitano, kisha mkae upya na kuangalia kilichofanyika. Miche ikifa nani analeta mingine? Asali ya mizinga ni ya nani, na nani anaruhusiwa kuja kuirina usiku? Mche wa mkaratusi usikubali hata mmoja karibu na maji, hata ukiletwa bure na kwa gari, kwa kuwa unanyonya sana. Dai mivule, mikuyu na miti mingine iliyokuwa ikiota hapo zamani, baba mdogo atakutajia kwa majina yote.

Kuhusu "faida zitakuja", angalia usije ukaegemea kitu kimoja. Hukohuko Usambara Mashariki wanavijiji walifuga vipepeo na kuuza mabuu nje ya nchi, kazi nzuri iliyowafanya wengi wautunze msitu. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, vipepeo wakaingia humo, na kipato kikakatika bila mfugaji kuwa na kosa lolote. Mizinga pokea, jifunze kuitunza, lakini chakula cha wanao kitoke kwenye ekari mbili za juu na mikarafuu. Na akija mtu kukuambia habari za biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa ukaa, ni kweli kwamba kanuni za biashara hiyo zilitolewa mwaka 2022 na kwamba vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinapata fedha kwa kutunza misitu yao. Ile ni misitu mikubwa ya vijiji vilivyoungana. Ekari tatu za familia haziuziki peke yake. Andikeni tu kwamba likitokea pato lolote kutokana na eneo lenu, la kaboni au la maji, mgawo wenu utajadiliwa nanyi kwanza.

Mwisho wa mwezi ujao usikutishe. Kabla ya siku hiyo pelekeni barua kwa mtendaji wa kijiji, isainiwe na ndugu wote pamoja na mama, mseme mambo matatu: mnakubali kuutunza ukanda wa mita 60, mnaomba upimaji na mkataba kamili kwa eneo linalozidi hapo, na mirathi ya marehemu inashughulikiwa. Agongewe muhuri nakala yenu, mkae nayo. Kaka apande basi aje kikaoni, na siku ya kupima ashike ncha ya pili ya tepu.

*Bibi Shamba*